Mama Niliyempumzisha

Mimi niliishia darasa la nne, lakini malori mawili yanayoteremsha kabichi kutoka Mgeta ni yangu, na nyumba yangu hapa Morogoro mjini ina vigae mpaka barazani. Kwa hiyo kosa langu halikutokana na umaskini. Lilitokana na kujiweza.

Mama alikuwa amevuka sabini. Nikasema aliyenizaa mimi hashiki jembe tena. Nikamteremsha kutoka mlimani Mgeta, nikamkalisha kwenye kochi, hata maji ya kunywa mke wangu akawa anamletea. Majirani walinisifu, nami nikasifika kweli.

Mwaka haujaisha, mama hainuki bila kushikwa mkono. Kisha siku moja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, wewe ni mgeni wa nani hapa?" Niliingia bafuni nikalia, mwanaume mzima mwenye malori.

Daktari alimbonyeza mapaja, akanigeukia. "Huyu mama alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alilima. Mimi nikampumzisha."

"Umempumzisha au umemfungia? Misuli isipotumika inakwisha, mzee. Na ubongo nao unahitaji mwili unaotembea. Siwezi kukuahidi atakuwa kama zamani, ila mtembeze."

Nikamrudisha Mgeta kwa dada yangu, kwenye shamba la ukoo wake, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwanzoni alipiga hatua kumi, akaketi. Dada hakumshika. Alimpa fimbo na kumtuma: mama, kachume njegere, mama, kaangalie kuku. Nikamfokea. Akanijibu, "Kaka, kaendeshe lori lako. Mama niachie mimi."

Njegere zilivunwa mara mbili ndipo nikapanda tena mlimani kuwaona. Nikamwona mama anashuka njia ya mlima, kikapu kichwani, mikono mitupu, njia ambayo mimi huipita nimeshika majani. Subhanallah! Niliganda pale chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniita jina langu la utotoni, lile ambalo hata mke wangu halijui. "Mbona unahema kama mbuzi wa mnadani? Nifuate."

Siku nyingine bado anamwulizia mjomba aliyekwisha kufa. Lakini siku ile alinipandisha tuta kwa tuta, akinionyesha lenye karoti, lenye viazi, na lile ambalo bibi yake alilichimba kwa mkono. Hakukosea hata moja. Mimi nilikuwa nyuma, natafuta pumzi ya kumwitikia.