Aliyeivunja Posa Yangu Anapeleka Yake Jumamosi

Admin, naomba unifiche jina, maana huyu mtu huenda naye anausoma ukurasa huu na sitaki ashtuke mapema. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mhaya, nasuka nywele Mabatini hapa Mwanza na nimepanga Igogo. Nina mchumba Msukuma wa Usagara, mwanaume mtaratibu ambaye hakustahili aibu niliyomletea.

Miezi michache iliyopita wazee wake walipaswa kuvuka ziwa kwenda Bukoba kutoa posa kwetu. Siku ya posa kwetu haichezewi. Baba alishaita ukoo, ndizi zimemenywa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshachujwa, wajomba wametoka mbali. Msafara wa mchumba uliongozwa na baba yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Mchumba alitaka aende mwenyewe dirishani kukata tiketi za meli. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikasema wazee wapate vyumba vya kulala humo melini, wafike wamepumzika, niachieni mimi. Nilikuwa nimeona wakala wa safari mtandaoni, picha nzuri, watu wanamshukuru kwenye maoni. Nikampigia. Sauti laini, kila neno dada, dada.

Hapa ndipo mtakaponicheka. Wakati wa kutuma pesa, simu ilinionyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la Kihaya, lile la kizee kabisa, ambalo hulikuti kwenye kabila lingine. Roho ikatulia palepale. Nikajisemea huyu ni mtu wa nyumbani, Mhaya mwenzangu hawezi kunitapeli kwenye posa yangu. Nikatuma. Akaniletea tiketi kwenye simu, zina majina ya wazee wote, nikaenda kuzichapisha kwenye karatasi kwa mbwembwe.

Tulipofika bandarini, wazee wamevaa suti zao, mkaguzi alizitazama zile karatasi mara moja tu. "Hizi ni feki. Nyie wazee wazima mnataka kupanda meli bure?" Foleni nzima ikageuka. Kuna mwanamke alicheka kwa sauti, mpaka leo namkumbuka. Baba mkubwa ni mzee ambaye watu wanampelekea kesi za ng'ombe awapatanishe, na siku hiyo alikuwa anaulizwa yeye kama ni tapeli. Meli ilikuwa imejaa. Mchumba akasema tukodi gari tuzunguke kwa barabara, mzee akakataa. Akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kisukuma chao.

"Mayu, hata hujaingia kwenye ukoo wetu, tayari umetuleta huku tuitwe wezi. Mimi narudi nyumbani."

Wakarudi wote. Sikuwa na uso wa kupiga simu nyumbani, kwa hiyo kesho yake kule kwetu watu walikaa na sahani zao mpaka jua likazama. Baba akanipigia, wala hakufoka. Alisema, "Umenikalisha na ukoo wangu kama mtu anayesubiri wadeni." Kisha akakata simu.

Nililia mpaka machozi yakaisha, ikabaki hasira. Polisi nilikwenda, nikaandikisha maelezo, nikaambiwa nisubiri uchunguzi. Wakala alishaniblok. Ndipo nikampigia mama, nikamtajia lile jina. Kwetu ukitaja jina la mtu, mama anakupa ukoo, kijiji na kigango anachosali. Akasema, "Huyo mzee namfahamu, waitu, macho yamekwisha, simu hajui hata kuiwasha. Ila ana kijana wake huko kwenu Mabatini, anauza makava ya simu."

Mabatini! Mtaa wa pili kutoka saluni kwetu. Nikaenda kama mteja. Nilipokuwa nachagua kava nikaipiga ile namba kwa simu ya msusi mwenzangu. Ikaita mfukoni mwake. Akapokea, "Haloo, dada?" Nikakata. Nikalipia kava langu, nikamshukuru, nikarudi saluni.

Polisi nimewatajia duka lake, bado wanasema nisubiri, nami nimekuwa nikirudi pale kumchunguza, mpaka amenizoea. Juzi akaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi hii wazee wake wanakuja Mwanza kumposea binti wa Igogo. Aliponitajia nyumba, nusura nipige kelele. Ni kwa mama wa jumuiya yetu ya kanisani, na kina mama wa jumuiya ndio tunaopika. Ndizi ni zamu yangu.

Nimeshapanga. Nitapika vizuri, kisha nitasubiri msemaji wao asimame kumsifia kijana, sijui mcha Mungu, sijui mchapakazi. Hapo nitaingia sebuleni na kanga yangu ya jikoni, niziweke zile tiketi feki mezani mbele ya wakwe zake. Nataka amtafute wa kumtetea akose. Nataka atoke kwenye ile nyumba ameinamisha kichwa, na watu wanamwangalia. Najua baba yake mzee atakuwepo, na huyo hana kosa. Namwonea huruma, lakini huruma yenyewe haitoshi kunizuia. Na yule binti je? Nikinyamaza, anaolewa na mwizi.

Kinachonikwamisha ni kimoja. Shangazi zangu wamembembeleza baba, amekubali kuita ukoo tena mwezi ujao. Baba mkubwa naye amekubali kusafiri, ila kwa sharti: habari ya bandarini isitajwe tena popote, maana hataki kuzeeka akiwa mzee wa tiketi feki. Nikisema Igogo, Usagara watajua kabla sufuria hazijaoshwa. Nilimweleza mchumba wangu mpango wangu, akasema, "Ukisema pale, baba mkubwa haendi. Na mimi siwezi kwenda kwenu bila yeye. Nakupenda, lakini chagua."

Ndugu zangu, msiniambie nimwachie Mungu. Nilishamwachia, na huyu mtu bado anatangaza tiketi mpaka leo asubuhi. Nampenda mchumba wangu, namtaka awe mume wangu. Lakini nikiifikiria ile sebule, yule kijana amekaa katikati anapigiwa vigelegele na mimi nawapakulia, damu inanichemka. Mnaonisoma ni wengi na mmeyaona mengi. Niambieni, Jumamosi nibaki jikoni, au niingie sebuleni?