Koleo Mbili za Kuazima

Chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji kilikuwa chini ya ngazi za hospitali, na mwenye chumba alikuwa mama mmoja ambaye jina lake watu walishalisahau. Wote walimwita Mama Mvuke. Miaka ishirini na sita alipika mikasi na koleo kwenye mashine ya mvuke, na ukimwuliza kama kweli vimetakata, alikucheka. "Kwangu hatoki kijidudu hai, labda awe na kibali."

Asubuhi moja daktari wa maabara akashuka mwenyewe, uso umemsawijika.

"Mama, ile trei ya vifaa vya mzee aliyepasuliwa kichwa juzi iko wapi?"

"Ile pale. Imeiva."

"Ifungie, isitumike tena. Mzee ana ugonjwa wa prioni. Ubongo unatoboka-toboka kama sifongo. Hata ng'ombe na kondoo wana ugonjwa wao wa namna hii."

"Si nimeshaipika, mwanangu?"

"Hiki si kijidudu. Ni protini ya mwili wetu wenyewe, imejikunja vibaya. Ikigusa nzima, nayo inajikunja vilevile, nayo inaharibu nyingine. Mvuke wako wa kila siku hauiwezi."

"Yaani haifi?"

"Haikuwa hai, mama. Itakufaje?"

Daktari akaondoka ametulia moyo, maana mwalimu aliyengojea kupasuliwa kichwa saa tatu alipangiwa trei nyingine. Mama Mvuke ndiye aliyekumbuka. Jana jioni trei hiyo nyingine ilipungukiwa koleo mbili, naye, kama walivyozoea chumbani mle ingawa walikatazwa, aliziazima kutoka trei ya mzee. Hakuna aliyemwona. Ilibaki miezi minne astaafu.

Akapanda ngazi mbili mbili, na magoti yake yale ya kizee, hadi chumba cha upasuaji, akaikuta trei ya mwalimu mezani.

"Trei hiyo haifunguliwi," akamwambia daktari wa upasuaji, akaeleza yote, hakuacha kitu.

"Mama Mvuke! Mgonjwa ameshanyolewa. Toa hizo mbili, niachie zilizobaki."

"Zipi? Zimefanana kama mapacha. Na zimelala pamoja usiku kucha."

"Unajua mkuu wa hospitali atakufanya nini?"

"Anifanye. Ugonjwa huu unajificha miaka. Siku mwalimu akianza kuwasahau wanawe, mimi na wewe tutajificha wapi?"

Akaikumbatia trei kifuani, akasimama mlangoni kama nguzo. Daktari akamtazama, akafyonya, kisha akavua glavu na kupiga simu hospitali ya jirani.

Trei ya kuazimwa, safari hii kwa barua na sahihi, ilifika saa nane mchana. Mwalimu akapasuliwa. Zile trei mbili za kwanza zilipelekwa kuteketezwa, na koleo zake zote.

Kesho yake Mama Mvuke akaitwa kwa mkuu, akapewa karipio la maandishi. Akalisaini wima, bila kulisoma mara mbili.

"Una la kusema?" mkuu akauliza.

"Moja tu, bwana mkubwa. Mwalimu ameamka?"

"Ameamka. Anadai chai."

"Basi mpeni," akasema, akarudi chini kazini.