Bodi Ishirini za Fundi Kibiriti

Fundi wa kompyuta wa chuo kile cha ufundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwingi wa maneno, na kila mtu alimwita Kibiriti, mumewe akiwemo. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kimo. Waliowahi kumkosoa walijua sababu yenyewe. Kabla ya kuajiriwa alikaa miaka kumi na moja kwenye kibanda cha bati akitengeneza pasi, redio na simu zilizotumbukia chooni, na hapa duniani hakuna kilichomtisha kama kurudi kwenye kibanda kile.

Maabara ya kompyuta ya chuo ilikuwa maabara kwa jina tu. Mashine zake zilinguruma, zikanuka, zikazimika moja baada ya nyingine. Mkuu wa chuo alitaka kuleta nyingine za mtumba, na muuzaji alikuwa hapo hapo mlangoni: shemeji yake Kibiriti, mdogo wa mumewe, mwenye duka la kompyuta zilizochoka na tabasamu ambalo halikuchoka kamwe.

Kibiriti akamkatia njia. Alimshawishi Mkuu wanunue bodi ndogo ishirini, kila moja kompyuta nzima inayokaa kiganjani, ziungwe kwenye skrini za zamani. Bodi hizo hazikuwa na diski wala kadi ya kuhifadhia kitu. Ukiiwasha, haijui hata jina lake. Inapiga kelele ndani ya waya: "Mimi ni nani, na kazi yangu iko wapi?" Seva moja, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya mlango, inaijibu: "Wewe ni namba saba, kazi yako ninayo mimi, chukua." Bodi inachukua, skrini inawaka, mwanafunzi anaandika. Ukitaka kurekebisha kitu unarekebisha kwenye seva peke yake, basi, zote ishirini zimepona.

"Hizo ni vikaragosi," alisema shemeji alipoziona.

"Na wewe ni nani wa kucheka vidogo?" Kibiriti akamjibu mbele ya Mkuu. "Mashine zako ukiziwasha, taa za mtaa mzima zinafifia."

Jumamosi alizijaribu. Zote ishirini zikawaka. Akacheza peke yake katikati ya meza, na tusimseme vibaya, alicheza ovyo kweli. Mtihani wa taifa wa wanafunzi wake ulikuwa wiki mbili mbele. Msimamizi angekuja na bahasha yake, na kama mashine hazifanyi kazi, wanafunzi ishirini wangesubiri mwaka mzima tena, na fundi wao angefunga virago.

Jumatatu, bodi kumi na tatu zikagoma. Jumanne zikagoma kumi na sita. Skrini nyeusi na maandishi meupe machache, kisha kimya. Jioni watu walipoondoka, zote zikawaka kana kwamba hazijawahi kumkosea mtu. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha swichi inayoziunganisha. Alizisema kwa maneno ambayo mama yake mzazi angemnyima maji kwa kuyasikia. Karibu wiki nzima ikawa hivyo: mchana zinanuna, jioni zinacheka.

Ndipo akaanza kuhesabu mambo mengine. Jumatatu shemeji alikuja kumsalimia Mkuu. Jumanne alikuja. Alhamisi alikuja na kukaa hadi mchana. Jumatano hakuja, na bodi siku hiyo ziliwaka zote. Kibiriti alipojumlisha, jibu lilikuwa moja.

Jumapili, kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa mama mkwe, alilitoa jibu hilo mezani. Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa meza, shemeji, aliyekuwa bado anaishi hapo kwa mama yake, akiwa kulia kwake, mume wa Kibiriti akitafuna na kuomba Mungu asiulizwe kitu.

"Mama," alisema Kibiriti, "mwanao anaharibu kazi yangu. Kila akikanyaga pale chuoni mitambo inakufa. Ana kitu anachokigusa."

"Shemeji, mimi hata mlango wa maabara yako siujui!"

"Kwa nini siku usipokuja zinawaka?"

Shemeji hakuwa na jibu, na mtu asiye na jibu anafanana sana na mwenye hatia. Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akachukua sahani yake na kwenda jikoni. Kibiriti alirudi nyumbani akiwa mshindi. Usingizi ulikuwa mtamu. Wiki iliyofuata shemeji hakuja chuoni, na hadi Alhamisi bodi ziliwaka zote.

Ijumaa ya mtihani, saa tatu asubuhi, aliwasha bodi zote. Zikawaka mbili.

Mtihani ulikuwa saa nne. Wanafunzi walikuwa wamejipanga koridoni, wengine wakisali, mmoja akitapika dirishani. Msimamizi, mama mmoja mkavu mwenye miwani mizito, alikaa kwenye kiti cha mbele na bahasha mapajani. Mkuu alichungulia mara moja, akaguna, akasema, "Fundi, nimemwita shemeji yako alete mashine kumi kwa gari. Kama tahadhari tu." Kisha akarudi ofisini kwake.

Kibiriti alihisi maji yamemfika shingoni. Alikaa mbele ya skrini namba tano na kwa mara ya kwanza, badala ya kuitukana, akaisoma. Katikati ya yale maandishi meupe kulikuwa na namba ambayo bodi ilikuwa imepewa ndani ya mtandao. Haikuwa namba inayotolewa na seva yake. Ndani yake mlikuwa na hamsini na nane.

Hamsini na nane aliijua. Ulikuwa uzito wa mumewe siku ya ndoa. Aliuweka mwenyewe, kwa mzaha, kwenye namba zinazogawiwa na rauta ya sebuleni kwake, kile kisambaza intaneti cha zamani. Na rauta ile alikuwa amempa nani? Alimpa Mkuu, ili Mkuu apate intaneti ya simu ofisini na amkubalie mpango wake wa bodi ndogo. Alikuwa amempaka mafuta, na mafuta sasa yanamtelezesha mwenyewe.

Alikimbia hadi ofisini. Rauta ilikuwa dirishani, taa zake zikikonyeza, na waya wake umechomekwa kwenye tundu la mtandao ukutani, ambalo lilikwenda moja kwa moja hadi maabara.

"Mkuu, nani kaichomeka hapa?"

"Mimi. Wiki mbili zilizopita. Tundu lilikuwa tupu," alisema Mkuu kwa fahari. "Naiwasha nikifika, naizima nikitoka. Haikuwaka Jumatano ya wiki jana tu, nilikuwa kwenye kikao, na wiki hii hadi jana, nilikuwa safarini."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Bodi zilipouliza "mimi ni nani?", rauta ya Mkuu ilikuwa ikiwahi kujibu kabla ya seva. Ilizipa jina na haikuzipa kazi. Na shemeji alikuwa akija siku ambazo Mkuu yupo, kwa kuwa muuzaji haendi kumsalimia mtu asiyekuwepo.

Kibiriti aling'oa waya. Mkuu akapiga kelele kwamba alikuwa katikati ya video. Kibiriti alikuwa ameshafika maabara. Saa nne kasoro dakika sita, skrini ishirini ziliwaka, na msimamizi akapasua bahasha bila kumpongeza mtu.

Alitoka koridoni. Shemeji alikuwa amefika, amesimama karibu na ngazi, bila tabasamu. Kibiriti hakukumbuka kama aliwahi kumwona bila tabasamu.

"Shemeji, nimekukosea," alisema. "Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi."

"Usiniambie mimi. Mwambie mama. Tangu Jumapili hajanisemesha. Ananiwekea chakula, anaondoka."

Kibiriti aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa anajua mama mkwe anampenda. Hakujua kwamba neno lake lina uzito kuliko la mtoto wa kumzaa. Akapiga simu, akasema yote pale pale, bila kujitetea, hata habari ya rauta. Upande wa pili sauti ikasema, "Haya. Nipe mwanangu."

Shemeji alichukua simu, akageukia ukuta. "Naam, mama," alisema. "Naam, mama." Mara ya tatu aliitikia kwa kichwa tu, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mkuu alikuwa anakuja mbio koridoni, rauta kwapani, akiuliza sasa aichomeke wapi. Kibiriti akasogea, akasimama mbele ya shemeji yake, akajitanua kadiri ufupi wake ulivyomruhusu, ili Mkuu asimwone.