Fundi Vitasa Atafuta Bweni la Mbwa

Kwa fundi vitasa, kila nyumba huanzia mlangoni, na mara nyingi huishia hapo hapo. Aliwahi kwenda msibani akarudi asijue nani alilia, lakini akajua kwamba bawaba ya juu ya mlango wa marehemu imelegea. Mkewe alishamzoea. "Siku ukinitoroka," humwambia, "nitakutafuta kwenye matundu ya funguo."

Sasa mke alitakiwa kupasuliwa goti katika hospitali ya mji wa mbali, na fundi ndiye wa kumsindikiza. Tatizo lilikuwa mbwa wao mzee, Karani. Safari iliyopita walimwacha kwa shemeji yake fundi. Shemeji akaurudishia mlango bila kuufunga, mbwa akajipenyeza. Walikuja kumpata nyuma ya soko, mguu umechanika, mbavu zinahesabika.

"Nisikilize, baba," mke alisema. "Bila mahali pa maana pa kumwacha Karani, mimi siendi. Goti na liume."

Nalo lilikuwa linauma kwelikweli. Ngazi za nyumbani alizipanda kinyumenyume, ameketi.

Fundi akaanza kuulizia, akasikia kuna mabweni mawili ya mbwa. La kwanza lilikuwa jengo jipya jirani na duka la dawa za mifugo. Msimamizi, mtu nadhifu mwenye sare ya kijani, alimpitisha kwenye ujia wa vigae. Kila chumba kilikuwa na mlango wa nondo na makomeo mawili, juu na chini. Fundi akainama, akavuta, akasukuma, akajaribu kupenyeza ncha ya kisu. Wapi! Komeo halikucheza hata unywele. Akatoka moyo kwatu.

"Nimepata!" alimwambia mkewe. "Chuma kitupu, juu na chini."

"Na mbwa waliomo?"

"Mbwa gani?"

"Waliomo bwenini, fundi! Wana afya? Wanalalia nini?"

Fundi akajaribu kukumbuka. Alikaa mle ndani muda mrefu, pua karibu iguse chuma, na hakukumbuka hata mkia mmoja.

"Makubwa haya! Mume wangu kaenda kukagua bweni, kakagua makomeo. Hebu rudi."

Kesho yake alirudi, safari hii mikono mifukoni, akijiuliza mtu akimtazama mbwa anatazama nini hasa. Hakungoja sana. Msimamizi alipopita na fagio, mbwa wote walirudi nyuma mpaka ukutani. Hakumpiga yeyote, alikuwa anafagia tu. Fundi akamwonyesha mmoja mwenye masikio marefu.

"Huyu anaitwa nani?"

Msimamizi akainama kusoma namba mlangoni. Namba ilikuwepo, jina halikuwepo. "Wametulia sana hapa," alisema kwa fahari.

"Nimeona," fundi alijibu, na utulivu ule ukamkaa rohoni njia nzima.

Bweni la pili lilikuwa nyuma ya karakana ya maseremala, na kelele zake zilisikika tangu kona. Mama mwenye mabuti ya mpira alimfungulia, na kabla fundi hajauliza lolote, akaulizwa yeye. Karani anakula asubuhi au jioni? Anaogopa radi? Akilala, anapenda kuegemea ukuta? Fundi alijibu mpaka akaanza kujiuliza kama anamfahamu mbwa wake.

Kisha akakiona kijilango cha mbao cha ua wa mbwa. Kilizuiwa na kipande cha ubao kilichoshikiliwa na msumari mmoja. Mikono ikamwasha. Alikigusa tu, aone kinashikaje, na ubao ukang'oka ukaanguka, msumari na vyote. Kijilango kikafunguka wazi.

"Mama wee!" Akatandaza mikono kama golikipa.

Mbwa wakamiminika. Mmoja mweusi akanusa viatu vyake, akapiga chafya. Mwingine alizunguka kiwanja chote. Mama hakumkimbiza hata mmoja. Alipindua ndoo, akaikalia, nao wakamrudia wenyewe, wakisukumana kugombea mapaja yake.

"Barabarani, mama! Wataingia barabarani!"

"Watapitia wapi, kaka? Geti la nje nimelifunga kwa ufunguo ulipoingia. Hukuona?"

Hakuona. Alikuwa anasimulia jinsi Karani anavyoogopa radi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, fundi vitasa alikuwa amepita mlango bila kuutazama.

"Nikufungie komeo la kweli hapa," alisema, akiokota ubao kwa aibu. "Bure."

"Komeo la nyinyi mafundi linataka mikono miwili, na wangu mmoja daima umemshika mbwa. Nirudishie msumari wangu."

Akaurudisha.

Siku ya safari alimpeleka Karani mwenyewe. Mama aliketi chini bila kumwita, akasubiri. Karani alimnusa mabuti, akamnusa mikono, kisha akaingia naye ndani akitikisa mkia. Fundi alibaki nje ameshika kamba tupu.

Kwenye gari la kukodi, mkewe alikuwa amenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma.

"Amelia?"

"Hakulia. Hata kugeuka hakugeuka."

"Na mlango wao unafungwaje?"

Fundi akajikuna shingo. "Kijilango cha ndani, kwa msumari."

"Msumari! Na wewe umekubali?"

"Nimekubali."

Mke alimtazama kitambo, kama anayemkagua mgeni. Kisha akaegemea kiti. "Dereva, twende, baba. Goti linaniuma."