Kurasa Arobaini za Malkia

Maoni yangu niliyaandika kwa mkono wa kushoto ili mtu asitambue mwandiko. Mkono wangu wa kushoto huandika kama kuku aliyekanyaga wino, lakini yalisomeka vizuri: "Huyu malkia atakufa lini? Kurasa arobaini anakohoa tu. Sisi tuna mtihani. Mbili juu ya kumi, na hizo mbili ni za mbuzi."

Mbuzi alikuwa mhusika mzuri. Hilo silikani mpaka leo.

Kitabu chenyewe kilikuwa sehemu ya kwanza kati ya tatu. Mwandishi wake ni kijana tunayekaa naye dawati moja, kidato cha tatu. Ni mrefu na mkimya, mtu wa kuinama mlangoni hata pale mlango unapomtosha. Kilikuwa daftari la kurasa mia mbili, jalada la karatasi ya kaki, mgongo umeshonwa kwa uzi wa katani, ule ambao akina mama wa kwetu husukia vyondo, vikapu vya kubeba begani. Uzi alipewa na mama yake, Kangundo, alikokuwa akienda kila Jumamosi. Siku za shule aliishi hapa Mumbuni kwa mama yake mdogo. Hayo niliyajua. Sikuuliza zaidi, kwa sababu kuuliza si kazi ya mchekeshaji.

Kila mtoto wa Machakos amewahi kupelekwa Kituluni kuona maji yakipanda mlima. Sisi wengine tulimwaga chupa nzima barabarani, tukashangaa, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukarudi nyumbani. Yeye alirudi na swali: ukiyafuata hayo maji mpaka juu kabisa, unafika kwa nani? Akajijibu kwa kurasa mia mbili. Huko juu kuna nchi ambako mito yote hupanda, mvua hutoka ardhini, na malkia wake ni mgonjwa. Sehemu ya kwanza malkia anaugua. Sehemu ya pili binti yake anaondoka kumtafutia dawa. Sehemu ya tatu anarudi nayo, malkia anapona. Mpango huo wote aliuandika nyuma ya jalada, wazi, kama mtu anayetoa ahadi mbele ya mashahidi.

Darasani kwetu hadithi zilizoandikwa kwa mkono huzunguka, na zina sheria zake. Ukimaliza kusoma, unaandika maoni kwenye kurasa za mwisho kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu, pamoja na alama juu ya kumi. Kisha unapitisha. Jina huweki. Mwenye kitabu hajibu. Na maoni hayafutwi, hata yawe machungu namna gani. Sheria hizo tuliziheshimu kuliko za shule.

Kitabu chake kilizunguka muhula mzima wa pili, kila Ijumaa akiondoka nacho na kukirudisha Jumatatu, na wasomaji hawakupatana hata kidogo. Mmoja alikipa kumi, akasema alisahau kula githeri yake. Mwingine alikipa nne kwa sababu joka halitemi moto, linatema umande, na joka la umande ni la nini? Mweka hazina wa chama cha wanafunzi Wakristo alitaka kujua Mungu yuko wapi katika nchi hiyo, akatoa tano na nusu, hiyo nusu ikiwa ya huruma. Mmoja alilalamika kwamba hakuna anayependana na mtu. Mwingine aliandika insha nzima kuthibitisha kwamba mto ukipanda, samaki watachoka. Na yuko aliyetoa tisa baada ya kusoma ukurasa mmoja. Namjua.

Ijumaa moja wakati wa mapumziko, kijana mmoja mwenye sauti ya mhubiri alipanda juu ya dawati akayasoma maoni yote. Yangu yalipofika, watu walivunjika mbavu. Yuko aliyelala sakafuni. Mimi nilicheka kuliko wote na nikauliza kwa mshangao ni nani huyo mkatili. Mwandishi naye alicheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo.

Kengele ilipolia na kila mtu akarudi mahali pake, aliniuliza polepole, bila kuniangalia.

"Hata wewe unaona malkia amechukua muda?"

Hapo ndipo ningesema kitu cha maana. Nilikuwa na nafasi.

"Buda," nikamwambia, "mimi nilikuwa karibu kumwitia bodaboda impeleke."

Akaitikia kwa kichwa, akafungua kitabu cha hesabu.

Jumatatu daftari lilikuja limekonda. Kurasa arobaini zilikuwa zimekatwa kwa wembe, vipande vimebaki kandokando ya uzi kama meno ya mtoto. Mahali pake palibandikwa ukurasa mmoja. Malkia aliamka, akaomba maji, akafa. Mistari mitano. Wasomaji walifurahi. Mmoja aliandika kwamba sasa kitabu kinatembea. Aliyetoa nne akaongeza ikawa saba. Mimi, kwa mkono wa kulia safari hii, nilitoa nane, nikasema mwandishi amesikia kilio cha wananchi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza binti atamtafutia nani dawa.

Wiki tatu zikapita. Jumanne moja naibu wa mwalimu mkuu alikuja mlangoni akamwita na begi lake. Mtu akiitwa hivi hivi, tunapiga mluzi. Akiitwa na begi lake, darasa hunyamaza. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Alikuwa mgonjwa tangu sisi tuko kidato cha pili, na sisi hatukujua, na mimi ndiye niliyekuwa naye dawati moja.

Basi la shule lilitupeleka Kangundo kwenye mazishi. Boma lao liko mteremkoni, kahawa upande mmoja, miparachichi upande wa pili, na watu walikuwa wengi mpaka wengine wamesimama katikati ya mibuni. Baada ya kuzika tulipewa muthokoi. Nilikuwa nimeshika sahani yangu nikitafuta pa kukaa, mama yake mdogo akaniita nikae karibu naye. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini aliniongelesha kama mgeni wa maana.

"Wewe ndiye wa dawati lake?"

"Ndiyo, anti. Poleni sana."

"Yule wa kuchekesha." Akanitazama vizuri. "Dada yangu alikuwa anakuulizia."

Akanieleza. Dada yake hakuwa mtu wa vitabu. Lakini kila Jumamosi kijana alipofika, hata kabla hajavua viatu, alimsomea hadithi yake ya nchi ya mito inayopanda, palepale kitandani. Mgonjwa alikuwa na swali lake moja la kufungulia: malkia ameamkaje leo? Akiambiwa malkia ameamka, amekunywa uji, alisema basi hata yeye atakunywa. Ndivyo walivyomlisha miezi hiyo yote.

"Lakini Jumamosi tatu za mwisho alikuja mikono mitupu," akasema. "Alimwambia daftari liko shuleni, watu wanalisoma. Dada akasema waacheni wasome, yeye atangoja."

Niliiweka sahani chini. Muthokoi ni chakula ambacho sijawahi kukiacha maishani mwangu.

Nilimkuta mwandishi nyuma ya nyumba, amesimama kando ya meza ya kuanikia kahawa, tupu msimu ule. Alikuwa amevaa koti la mtu mkubwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka pale kwenye viti mpaka pale, yote yakapotea.

"Yale maoni ya malkia ni yangu."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Yalichekesha," akasema. "Nani mwingine?"

Nilimwomba anipe zile kurasa tuzishone upya, mimi nitashona, nitaomba uzi kwa nyanya yangu. Akasema hazipo. Aliziacha jikoni Mumbuni, mama mdogo akadhani ni takataka, akawashia jiko. Hajamwambia, na mimi nisimwambie. Alisema hivyo bila hasira, na afadhali angenipiga kofi.

Nikauliza, kwa ujinga wangu, kama sehemu ya pili ameianza.

"Sehemu ya pili ni ya kutafuta dawa," akasema. "Mwaitu ameenda. Nimtafutie nani?"

Alisema mwaitu, jinsi sisi Wakamba tunavyomwita mama, na sikujua anasema wake au yule wa kitabuni. Nafikiri hata yeye alikuwa ameacha kuwatenganisha zamani.

Alirudi shuleni baada ya wiki mbili. Daftari lilikuwa bado linazunguka, limefika kidato cha pili. Nililichukua kwa nguvu nikataka kufuta maoni yangu kwa wino mweupe. Alinishika mkono. Maoni hayafutwi, akasema, na akauondoa mkono wangu pale taratibu.

Basi nikanunua daftari jipya.

Mtu hawezi kudhihaki vizuri kitu asichokisoma vizuri, na huo ndio msingi wa kazi yangu. Kurasa zile arobaini nilikuwa nimezisoma mara tatu nikitafuta pa kuchekea, kwa hivyo zilikuwa kichwani. Nilikaa nazo siku kumi, mkono wa kulia. Kila asubuhi ya malkia nikairudisha mahali pake. Mbuzi anayelala mlangoni asitake kuondoka. Dirisha analoomba lifunguliwe aone mto ukipanda. Msichana wa jikoni anayewaiga walinzi wakikoroma, malkia anacheka mpaka kikohozi kinamshika. Nilipofika kwa huyo msichana kalamu ilisimama. Utani wake wote ulikuwa wangu. Nilipousoma mara ya kwanza nilijua umeibiwa, nikakasirika. Sasa nilijua ulikuwa ukipelekwa Kangundo kila Jumamosi kwenda kumsaidia mtu kunywa uji.

Nilifikisha kurasa thelathini na moja. Nyingine tisa zilikataa kuja. Nikalishona daftari kwa uzi wa nyanya yangu, nikaliweka ndani ya dawati upande wake, nikanyamaza, jambo ambalo mwalimu wa darasa alilitaja kwenye ripoti yangu kama maendeleo.

Alikaa nalo tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa nililikuta upande wangu. Nilifungua kurasa za mwisho kwanza, kutafuta alama. Hakuna kitu. Nikapekua kuanzia mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka asubuhi ya sita ya malkia, pale nilipokuwa nimeandika kwamba aliletewa uji wa mahindi. Neno mahindi lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake, kwa penseli, ameandika: wimbi.