Siku Mganga Alipodondoka Mjimwema

Mganga aliyekuja kumfichua mchawi kwa mdogo wangu alidondoka yeye mwenyewe, puu, na usinga wake mkononi.

Sijasimuliwa. Nilikuwepo.

Ilikuwa Julai, baridi la Njombe linang'ata. Mdogo wangu Jackline alikuwa amejifungua, na mama mkwe wake, bibi Dorosela, akaja Mjimwema kutoka Kichiwa kumlea mzazi.

Balaa likaanza. Bibi akiwepo, Jackline kichwa kinampasuka, anatapika, mtoto analegea hata kunyonya hawezi. Bibi akirudi kuangalia shamba lake, wote wazima.

Mtaa mzima ukasema bibi mchawi.

Nilipofika kutoka Makambako, mume wa Jackline, Elius, alikuwa ameshafunga begi la mama yake.

"Shemeji, mganga akithibitisha tu, nampeleka kijijini na ninamtangaza."

"Akishatangazwa watamuua! Ni mama yako, Elius!"

Bibi alikuwa kwenye kiti, analia kimyakimya. Nilipandwa na hasira, acha tu.

Mganga alipofika akaingia chumba cha mzazi, akaamuru mlango ufungwe. Nikaingia naye kwa ubishi wangu.

Baada ya dakika ishirini hivi akaanza kuyumba. "Huyu mchawi... mzito..." Akaenda chini.

Hata mimi kichwa kilikuwa kinagonga. Nikajiuliza, na mimi nimerogwa na nani?

Ndipo nikaangalia vizuri. Dirisha limezibwa na blanketi. Pembeni ya kitanda jiko la mkaa, limekolea, moshi hakuna.

Nikang'oa blanketi, nikafungua dirisha na mlango, nikambeba mtoto nje. Jackline akafuata akijikongoja. Elius akamburuta mganga.

Mtoto alipopata hewa alilia mpaka majirani wakatoka.

Mganga naye akazinduka. "Nimemfukuza!"

"Umemfukuza nani, wewe uliyeburutwa?" nikamuuliza.

Hospitali nesi akatuambia mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa sumu isiyoonekana wala kunusika.

Jiko aliliwasha nani? Bibi. Kila siku, ili mjukuu asipigwe na baridi. Kila alipoondoka hakuna aliyeliwasha.

"Kumbe kweli ni mimi," akasema bibi.

Elius akapiga magoti palepale koridoni. Tuliporudi nyumbani, begi la mama yake alilifungua mwenyewe.

Sasa niiteni mbishi, sijali. Ukiona maajabu ndani kwako, fungua dirisha kwanza. Kidole cha kumnyooshea mama yako hakina haraka.