Nyasi za Uwanjani

Baraza la mji lilipojenga uwanja wa michezo pale Nyeri, miaka michache baada ya uhuru, baba alinuna. Alikuwa fundi viatu asiye na shamba hata la kupanda sukumawiki. Mashamba yalipopimwa na kugawanywa, yeye alikuwa kizuizini kwa wakoloni, na aliporudi alikuta kipande chake kina mwenyewe.

"Ati tunakatwa kodi ndio vijana wafukuze mpira," alisema. "Hiyo uwanja itanisaidia na nini?"

Tulikaa chumba cha kupanga, na mali yetu yote ilikuwa ng'ombe mmoja aliyefungwa nyuma ya nyumba. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mdogo wangu. Kisha mvua ikakataa kunyesha. Nyasi za kando ya barabara ziliisha, ng'ombe akabaki mbavu, baba akaanza mazungumzo na mchinjaji. Mama aliposikia hivyo alichukua mundu akaenda uwanjani.

Huko baraza lilikuwa likimwagilia maji kila siku, na nyasi zilifika magotini kwa sababu mashine ya kukata ilikuwa imeharibika. Mlinzi alimtazama mama, akazitazama nyasi, akafungua lango.

"Kata tu, mama. Lakini ukate yote sawasawa."

Kesho yake wanawake wa mtaa walijaa. Na kwa vile sisi ni watu wa mipaka, waligawana uwanja kwa vijiti, kila mmoja na sehemu yake. Mama alipata mbele ya goli la upande wa mlima, na ole wako uvuke kijiti chake. Ng'ombe alinawiri, mchinjaji akatafuta wateja kwingine.

Timu ya Kiganjo ilipokuja kucheza na yetu, mama alimburuta baba. Wanawake walimsumbua refa kweli kweli.

"Wewe kijana, kanyaga polepole. Hapo nakata kesho," mama alimpigia kelele.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Baba alikaa amekunja mikono, hadi timu yetu ilipofunga bao upande wa mlima. Jirani aliyekuwa amezibwa na umati akamuuliza mpira umepigiwa wapi. Baba alisimama, akanyoosha kidole.

"Hapo kwetu," alisema.

Tangu atoke kizuizini, sikuwa nimemsikia akiita ardhi yoyote hivyo. Nilifurahi hata nikasahau kushangilia bao.